Makombo ya Matanga ya Mzee Okumu

Juma lililopita tulimzika Dorina. Waliniketisha kwenye hema la mbele, karibu na jeneza, kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa cheupe, kwa sababu kijiji kizima kinajua kwamba mimi na Dorina tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Ndivyo alivyosema kijana aliyeshika maiki: "Mama Rispa, Nyar Seme, rafiki wa kufa na kuzikana, atatupa neno baadaye." Watu wakageuka kunitazama mimi, binti wa Seme niliyeolewa huku, nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Kisha msichana mmoja akaniletea sahani ya wali, na juu ya wali nyama ya nguruwe iliyokaangwa vizuri, na vitunguu. Nikaitazama ile nyama mpaka mafuta yakaganda. Msichana akaniuliza, akiniita bibi kwa lugha yetu, "Dani, huli nguruwe? Wewe ni Msabato wa Jumamosi?" Nikamwambia mimi si wa Jumamosi, mimi nimeshiba tu. Lakini sikuwa nimekula kitu tangu chai ya asubuhi. Nilisoma mpaka darasa la nne, mengi ya shule yameshanitoka, ila majina hayanitoki, na sahani ile iliniletea majina yote ya mwaka ule, ya watu na ya nguruwe.

Wengine wakikumbuka mwaka uliowatengeneza hukumbuka walipokuwa wasichana. Mimi nilikuwa mama mzima, mjane ambaye udongo wa kaburi la mume wake haukuwa umeshikana bado. Shemeji yangu Ogutu alikuwa akija jioni na kukaa kwenye kiti cha marehemu bila kualikwa, anajaribu kukikalia tu aone kama kinamtosha. Kwetu mjane hurithiwa na shemeji, na mpaka hilo lifanyike hutakiwi kushika hiki wala kuingia pale. Nilimwambia Ogutu mbele ya mama mkwe wangu kwamba mimi sirithiwi. Mimi na msichana wangu Akinyi tutalishwa na nguruwe wangu. Alicheka mpaka akakohoa. "Nguruwe ndio watakuwa bwana yako?" Nikamjibu, "Wao angalau hawaniulizi ugali uko wapi." Mama mkwe alificha mdomo na leso, sijui alikuwa anacheka au anatema. Maneno yale yalikuwa mzaha, lakini ndiyo yaliyokuwa yamenishikilia. Nguruwe wakiwepo, nilikuwa mtu. Wakiisha, nilikuwa kiti kingine cha marehemu.

Nilikuwa na jike mmoja mkubwa, mweupe mwenye doa jeusi begani, niliyemwita Madam kwa sababu ya jinsi alivyotembea, na watoto wake watatu waliokuwa wamekua: Waziri, Jumatano na Kadogo, ambaye hakuwa mdogo hata kidogo. Banda lao lilikuwa nyuma ya jiko langu, mbao za masanduku ya samaki nilizookota ufuoni, na jikoni nikipika niliwasikia wakipumua upande wa pili wa ukuta wa udongo. Niliwalisha pumba za mchele kutoka Ahero na vumbi la omena, dagaa wa ziwani, lililobaki kwenye nyavu za kuanikia. Lakini chakula chao hasa kilikuwa makombo ya matanga. Sisi tulikuwa wapishi wanne: mimi, Dorina, Perez na Mikal. Mtu akifa kuanzia kwetu mpaka karibu na Asembo Bay, tulikuwa tunaitwa. Hatukulipwa. Malipo ya mpishi wa matanga kwetu ni ndoo: mwisho wa siku unabeba kilichobaki, ugali ulioungua, maganda, maji ya kuoshea nyama, ngozi na vipande vya matumbo, unawapelekea nguruwe wako. Aliyeshika sufuria ana haki ya ndoo. Hata mfiwa hawezi kukunyima. Dorina ndiye aliyeniingiza kwenye kazi hiyo. Wazee waliponung'unika kwamba mjane ambaye hajatakaswa hawezi kupikia watu, ni yeye aliyesema, "Basi pikeni nyinyi wenye ndevu." Tangu hapo nilimpenda kama mtu anavyopenda ukuta unaozuia upepo.

Kisha akafa Mzee Okumu, aliyekuwa na watoto kila mahali, na waombolezaji walikuja kwa mabasi. Ng'ombe aliyechinjwa aliisha siku ile ile. Nyangweso, mume wa Dorina, akajitolea kuwauzia wafiwa dume lake la nguruwe. Nakumbuka nikiwa nyuma ya jiko la mabati naosha masufuria kwa majivu, nikawasikia mume na mke wanasemezana upande wa pili. Nyangweso alisema, "Ni leo. Kesho hakuna mtu atamtaka." Dorina akasema, "Na wakiuliza?" Naye akajibu, "Mtu amekuja na basi kutoka mbali, ana njaa, atauliza nini?" Nilidhani wanazungumzia uzee wa lile dume, kwamba nyama itakuwa ngumu kama ukanda. Hata nilicheka peke yangu. Nyama ilipoletwa ilikuwa tayari imekatwakatwa, kichwa hakikuwepo. Dorina ndiye aliyeiosha. Tuliipika vizuri, ikaliwa, watu wakasifu. Jioni tukagawana ndoo. Yangu ilikuwa ndogo, kwa sababu Perez alikuwa na nguruwe wengi kuliko sisi sote na alinililia sana, nikampunguzia. Tukatembea kurudi nyumbani mstari mmoja, ndoo kichwani, Mikal mbele akiigiza mjane wa pili wa Mzee Okumu alivyoanguka na kuangalia kwanza kama kuna nyasi, na sisi tukamwaga maji ya nyama njiani kwa kucheka.

Nguruwe wa Perez ndio waliotangulia. Walikataa kula, wakalala wakibanana kama wanasikia baridi, na mchana ulikuwa wa jua kali. Masikio yakageuka rangi, mekundu kwanza, halafu kama zambarau iliyoiva sana. Halafu damu puani. Waliisha wote kabla ya Jumapili kufika. Wakafuata wa Mikal. Kwangu alianza Waziri, asubuhi niligonga karai na yeye peke yake hakuinuka. Jumatano alikufa amesimama, ameegemea mbao, mpaka nilipomgusa ndipo akaanguka. Kadogo alipiga kelele. Siwezi kuandika alivyopiga kelele. Madam naye alilala, mwili unawaka, macho yamefunikwa na uchafu, nikawa namwagia maji na kumwekea uji kwenye mdomo, na kila nilipoingia jikoni nilitega sikio kwenye ukuta kama anapumua. Akapumua. Siku ikaja akainua kichwa. Siku nyingine nikagonga karai bila kutarajia kitu, naye akaja, miguu inatetemeka, amekonda mifupa imechora ngozi, lakini akaja. Nililia jikoni nikitumia moshi kama sababu.

Sikujua kwamba kupona kwake ndiko kungenimaliza. Kijiji kizima mabanda yalikuwa matupu, hata la Dorina, na la mjane ambaye hajatakaswa lilikuwa na nguruwe anayetembea. Wazee walituita kwenye nyumba ya mama mkwe wangu, sebule ile yenye kalenda za miaka iliyopita zote ukutani, chai ya maziwa ikapita, mkate ukapita, na baada ya mkate Ogutu akafuta mdomo akasema neno lenyewe. Chira. Kwetu chira ni kile kinachokula mtu, au mifugo yake, polepole kwa sababu mwiko umevunjwa. "Amekataa kurithiwa," akasema Ogutu, "kisha anashika sufuria za watu. Ameshika chakula cha Mzee Okumu kwa mikono hiyo. Sasa angalieni. Wa kwenu wamekufa, wa kwake amesimama. Kitu kikitoka kwa mtu, hakimli yeye." Perez alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau, na sehemu ya ndoo yangu niliyompunguzia ilikuwa imeliwa kwake. Nikamgeukia Dorina. Nilijua atasema kitu kuhusu ndevu, watu wacheke, tuende nyumbani. Dorina alikuwa anazungusha kikombe chake kwenye sahani. Akasema bila kuinua macho, "Mimi nilimwambia apumzike kwanza. Nyar Seme hasikii." Kumbe kikombe kinaweza kupiga kelele kubwa namna ile kwenye sahani.

Uamuzi wao ulikuwa rahisi: nirithiwe, nyumba itakaswe, ama niondoke. Ogutu alinipa muda wa kufikiri, maana hakuwa mtu mbaya kwa macho ya watu. Ni katika muda huo ndipo alipokuja daktari wa mifugo, Wafula, Mluhya wa upande wa Bungoma, mwenye gambuti zilizopasuka na pikipiki iliyokohoa njia nzima. Alikuwa amesikia Kombewa sokoni kwamba nguruwe wanakwisha huku. Alipofika kwangu na kumwona Madam akasema, "Mama, huyu aliugua kabisa, na akaamka?" Nikamwambia, ndiyo, na wenzangu wanasema ni chira. Hakucheka. Wengi wenye masomo wangecheka. Alimtoa Madam damu kwenye shingo, akaiweka kwenye chupa ndogo ndani ya sanduku la barafu, kisha akageuza ndoo akaikalia mlangoni mwa jiko langu, nami nikampa ugali na omena, na akiwa anakula akanieleza kitu ambacho nimekibeba mpaka leo.

"Mama, kwenye damu ya nguruwe kuna askari," alisema. "Wa kwanza kufika ni wale wakubwa, kazi yao ni kumeza. Kidudu kigeni kikiingia, wanakimeza, wanakisaga, mambo yameisha. Sasa homa hii ya nguruwe ina ujanja. Yenyewe inataka kumezwa. Inaingia ndani ya askari huyo, haisagiki, inafanya tumbo lake kuwa nyumba, inazaa huko. Askari anapasuka, wanatoka wengi, wanamezwa na askari wengine." Nikamuuliza, na ile damu puani? Alitafuna kwanza. "Hapo ndipo panaumiza. Askari akishikwa anapiga mayowe. Mwili unasikia mayowe kila upande, unawasha moto kila mahali. Askari wengine ambao hata hawajaguswa wanakufa kwa sababu ya hayo mayowe. Mishipa inalegea, damu inavuja. Ugonjwa unaua, lakini mwili wake pia unajiua kwa hofu." Nilikuwa nafikiria ile sebule yenye kalenda.

Nikamuuliza Madam alipona vipi. Akasema hana hakika. Pengine alikula uchafu kidogo kuliko wengine, pengine damu yake ina subira. Kuna askari wa aina nyingine, wa polepole, ambao hawamezi ovyo. Wanajifunza kwanza sura ya adui. Kwa nguruwe wengi, hao hufika wakati mwili umeshakwisha. Kwa Madam walifika akiwa bado anapumua. Moyo wangu ukaruka. Nikasema basi watoto wake watakuwa na nguvu hiyo, nitaanza upya na mbegu yake. Wafula akaweka tonge chini. "Hapana, mama. Maziwa ya kwanza yatawapa kinga kidogo, ya kuazima, inaisha. Na kupona siyo kusafika. Kirusi kinaweza kuwa kimejificha ndani yake bado, wiki nyingi, hata miezi, kinatoka kidogo kidogo. Yeye haumwi, lakini atakayemkaribia anaweza kuumwa." Nikamuuliza kuhusu chanjo. Akasema hakuna, si huku tu, hakuna. Akaniuliza tunalisha nini. Nilipomwambia makombo ya matanga, na maji ya kuoshea nyama, akafumba macho. "Mnayachemsha?" Nani anachemsha makombo? Kuni ni za kupikia watu. Akaniambia yakichemshwa mpaka yatokote ugonjwa hufa, lakini mabichi huubeba. "Kulikuwa na nguruwe aliyechinjwa hapo? Kuna mtu alimwona kabla hajachinjwa, masikio yake?" Hapo ndipo nikalisikia tena neno la Nyangweso kupitia mabati. Kesho hakuna mtu atamtaka.

Nilimkuta Dorina ufuoni anageuza omena kwenye nyavu. Nilimwita nyieka, kama wake wa ukoo mmoja wanavyoitana, nikamuuliza, "Lile dume lenu, masikio yalikuwa rangi gani?" Hakusimamisha mkono. Akageuza omena mpaka mwisho wa wavu, akarudi, akasema, "Wewe umetumwa na Mluhya." Nikamwambia hapana, nimetumwa na masikio yangu. Akanitazama basi, na macho yake yalikuwa yamechoka, si ya mtu mwovu, jambo hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Nyar Seme, sikiliza. Wakijua ni dume letu, watakuja kwetu Perez na Mikal na watu wote, na Nyangweso atamalizia hasira kwangu. Wewe huna mtu wa kukupiga. Waache waseme chira. Chira haina aliyeiuza." Nikamwambia, "Lakini mimi ndiye ninayefukuzwa." Akasema, "Ungekubali Ogutu, nani angekufukuza?" Akarudi kwenye omena zake. Nilimwomba kitu kimoja tu, aseme, hata si leo, hata kwa mama mkwe peke yake. Akasema, "Tutaona." Neno hilo alilitumia kwa watoto wakimwomba viatu.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba watu walewale wa chira wakaanza kuja nyuma ya jiko langu mchana, mmoja mmoja, wakiangalia Madam. Perez aliniletea magunzi ya mahindi. "Nyieka, huyu wako hafi. Akizaa utanikumbuka, sawa?" Nikamuuliza kama mbegu ya chira huota vizuri. Akacheka kama mtu asiyesikia. Dorina mwenyewe alikuwa ameletewa vitoto viwili na kaka yake kutoka Ahero, na vile vitoto havikufungwa, vilikuja kila siku kwenye banda langu na kupitisha pua katikati ya mbao, na Madam kwa upande wa ndani akiweka pua yake pale pale. Nilivifukuza kwa fagio. Vilirudi. Nilimwambia Dorina avifunge, akasema nina wivu. Nikakaa jikoni nikisikiliza Madam akipumua, nikajua vizuri sana kilicho upande wa pili wa ukuta. Nikimweka, nabaki mtu wa kujitegemea, na vile vitoto vya Dorina vinakufa, na kijiji kinasema chira tena. Nikimtoa, sina kitu. Kama kuna aliyestahili kuonja ile homa mara ya pili, alikuwa mwenye vile vitoto. Nilikaa na wazo hilo kwa muda mrefu, sikatai. Kisha nikatuma neno Kombewa, Wafula aje.

Alikuja na chokaa na sindano. Tulichimba shimo sisi wawili, yeye na jembe, mimi na sururu ya marehemu, refu hata mbwa na fisi wasimfikie. Alinishauri niende jikoni. Nilikataa. Niligonga karai, Madam akaja, akiwa ameanza kunenepa, ule mwendo wake wa kiofisi umerudi, akatia pua kwenye mkono wangu kutafuta chakula. Niliweka pumba zote zilizobaki. Alikufa anatafuna. Tulipokuwa tunamfukia, Dorina alisimama kwenye ua wa michongoma akiangalia, vile vitoto vyake viwili vimezunguka miguu yake, na nikasikia akimwambia Mikal, "Si nilisema? Wivu. Ameona afadhali amuue kuliko wenzake wapate mbegu." Nilimwaga chokaa. Wafula alitaka kusema kitu, nikamshika mkono. Mabanda yao yalijaa tena mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa Kisumu, Manyatta, nikipika kwenye hoteli ya mtu, na Akinyi akisoma kwenye meza ya wateja. Sikurithiwa. Nilirudi nikiwa mzee, msichana wangu aliponijengea, na kijiji kilinipokea vizuri sana, na Dorina aliniletea kuku.

Miaka yote hiyo tuliketi pamoja, tulikula pamoja, tulizika watu pamoja. Kila aliponitembelea nilimtengea chai na kungoja. Alizungumza juu ya magoti yake, juu ya wajukuu, juu ya bei ya omena. Ogutu alikufa akiamini ni chira. Perez alikufa akiamini ni chira. Mikal hakumbuki tena hata jina lake. Alipougua Dorina nilikwenda kila siku kukaa naye, na nilipokuwa namnywesha uji nilimwona akinitazama juu ya kikombe, nikasema moyoni, sasa. Akasema uji una chumvi.

Basi kwenye hema, kabla ya zamu yangu, Achieng', kifungua mimba wa Dorina, alichutama kando ya kiti changu. Macho yamevimba. Akaninong'oneza, "Mama aliniambia siku ya mwisho, kuna jambo la zamani, la nguruwe. Sikulielewa. Akasema, 'Rispa anajua la kusema.'" Nikamuuliza, basi? Hakusema lingine? "Hakusema lingine, Dani." Hata hilo alinibebesha mimi.

Wakanipa maiki. Mbele yangu, safu ya kwanza, alikaa Nyangweso kwenye kiti cha magurudumu, kofia magotini, mzee sana sasa, mdomo umeanguka upande mmoja. Jeneza lilikuwa na maua ya plastiki. Huko nyuma niliwaona wapishi wa leo, wasichana wenye simu kwenye kanga, wakipanga ndoo zao pembeni mwa masufuria, maana haki ya ndoo haijafa. Nilikuwa na mwaka mzima kinywani. Nilisema, "Nyinyi wapishi. Makombo ya hapa yasitoke kwa mlango huu mabichi. Yachemsheni mpaka yatokote."

Hema zima lilicheka, kicheko kizuri, cha kumpenda mwanamke mzee ambaye akili imeanza kutembea. Kijana wa maiki alisema, "Asante Dani, mpishi haachi upishi!" wakacheka tena. Achieng' naye alicheka, akifuta machozi. Nyangweso hakucheka. Alichukua kofia yake magotini, akaivaa, akaivuta chini mpaka ikafunika masikio.